Skrubu Mbili na Ukuta Uliolowa

Machi 2

Mvua ilianza jana alasiri. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na nilipomkazia macho akaongeza, "Hata msumeno huisha meno, Mwalimu." Nimefundisha useremala miaka thelathini na minne, kwa hiyo msumeno alioutaja ninaujua kuliko yeye. Nadhani nitazimaliza mvua hizi. Zaidi ya hapo simwahidi mtu.

Daftari hili amenipa mwanangu niandike kumbukumbu za ualimu. Sitaziandika. Kuna jambo nimelinyamazia miaka arobaini na moja, nami nitaliandika humu siku nitakayopata moyo wa kuliandika. Leo sina huo moyo. Leo nina hasira tu, na hasira hujiandika yenyewe.

Ninakasirika kwa sababu ya kabati.

Limo katika chumba cha mjukuu wangu, pua na mdomo na chumba changu, maana ukuta mmoja tu ndio unaotutenganisha. Ana miaka mitatu na nusu. Tunamwita Kiroboto kwa kuwa hatembei, huruka. Kabati lina droo tano, linamfika mama yake mabegani, na limetengenezwa kwa zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Lilikuja katika boksi pamoja na kijitabu na kifuko kidogo. Ndani ya kifuko mna ukanda wa chuma na skrubu za kulifunga kabati ukutani. Katika kijitabu pamechorwa mtoto anayepanda droo kama ngazi, na juu yake wamepiga alama ya X. Hata asiyejua kusoma angeelewa.

Kifuko kiko katika droo ya jikoni, kimelala na mishumaa, betri zilizokufa na ufunguo usiofungua mlango wowote.

"Baba," mwanangu aliniambia, "kabati lile ni zito. Tulilibeba watu watatu."

"Ndiyo sababu nasema lifungwe."

"Sasa kitu kizito namna hiyo kitaangukaje?"

Mtoto wangu huyu nimemsomesha mpaka chuo kikuu.


Machi 5

Mama mwenye nyumba, anayeishi ghorofa ya juu, alishuka kuja kutazama paa la baraza linalovuja. Nikamwita chumbani kwangu, nikamwomba ruhusa ya matundu mawili ukutani.

"Nyumba yangu haitobolewi," alisema. "Leo mtatoboa kwa ajili ya kabati, kesho kwa ajili ya televisheni, na keshokutwa nitakuwa naishi ndani ya chujio."

"Mama, ni mtoto."

"Mtoto mfundisheni adabu. Mimi nimelea sita, na hakuna aliyepanda kabati."

Baraza linavuja bado.


Machi 6

Mvua kutwa. Nimesikia droo za upande wa pili zikivutwa. Moja, mbili, tatu.


Machi 9

Fundi Kesho amekuja. Alikuwa mwanafunzi wangu, na jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu kila kazi ya nyumbani aliniambia ataileta kesho. Sasa ana mvi na duka la samani, lakini kesho yake haijaota mvi hata moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na drili?"

"Nimekuja kutazama kwanza." Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akanionyesha unyevu. "Unaona? Plasta imelowa. Nikitia skrubu hapa itashika uji. Mvua zikiisha, ukuta ukikauka, nakuja asubuhi na mapema."

"Nyuma ya plasta kuna matofali. Nilikufundisha kutafuta tofali."

"Ulinifundisha, Mwalimu, ila hiyo siku sikuja."

Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu nampenda. Alipoondoka nikakasirika upya. Kwamba ukuta umelowa ni kweli. Lakini mtoto hangoji ukuta ukauke.


Machi 14, Jumapili

Leo shemeji yangu amekuja, mdogo wake marehemu mke wangu. Mwanangu humwita Mama Mdogo na Kiroboto humwita Bibi Mdogo. Ana miaka sitini, anashona nguo mtaa wa pili, na vidole vyake vina vishimo vya sindano. Huja kila Jumapili. Hukaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango wa sebule kama mtu aliyefika ofisini bila kuitwa.

Lazima nieleze anakaa hapo kwa nini.

Nilikuwa na binti kabla ya mwanangu huyu. Alikuwa na miaka minne. Siku moja ya mvua kabati la droo lilimwangukia, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Siku hiyo shemeji, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa akimwangalia, na kabati lilipoanguka hakuwamo chumbani. Hayo ndiyo yanayojulikana. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwachia mtoto. Hajawahi kutukanwa wala kufukuzwa. Watu wanapoingia naye chumba chenye mtoto, huona ghafla kwamba mtoto ana usingizi, au njaa, au anatakiwa kuoga.

Leo Kiroboto alimrukia mapajani. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akatoka jikoni akifuta mikono. "Njoo, mama, twende tukaoge."

"Nimeshaoga!" Kiroboto akapiga kelele.

"Utaoga tena."

Shemeji alimshusha taratibu, akainyoosha sketi yake mahali mtoto alipokuwa amekaa. Nilimwona. Huyu mkwe wangu ni mwanamke mwema, lakini leo nilitamani kumrushia fimbo.


Machi 20

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo herufi zinisamehe.

Nguo za Kiroboto zimeota ukungu. Maji yanateremka ukutani nyuma ya kabati. Basi mkwe wangu, kama wafanyavyo watu wote wa nyumba zenye unyevu mvua zikikaza, amelivuta kabati mbele shubiri nzima lipate hewa, na chini ya miguu ya nyuma ameweka vipande vya vigae isikae ndani ya maji. Nilijikongoja mpaka mlangoni, nikaona. Kabati limeinama mbele kama mtu anayesikiliza umbea.

"Nani amekufundisha kuinua miguu ya nyuma?"

"Si maji yanakaa nyuma, Baba? Miguu ya mbele iko pakavu."

"Sasa limeinama!"

"Kidogo tu. Halionekani hata."

"Na droo? Si zimevimba kwa unyevu? Si anazivuta kwa mikono miwili?"

"Baba, rudi ukalale, tafadhali. Rangi yako si nzuri."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alilia. Mwanangu aliporudi kazini akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Baba, najua ni kwa sababu ya dada. Lakini dada aliachwa peke yake. Kiroboto haachwi."

Nikageukia ukuta.


Machi 21

Sikula. Shemeji alikuja. Nilijifanya nimelala.


Machi 23

Sasa naandika.

Kabati lililomuua binti yangu nililitengeneza mimi, kwa mbao ngumu, viungo vya mkia wa njiwa vinavyoumana vyenyewe, bila msumari hata mmoja. Lilikuwa refu, nikalifunga ukutani kwa skrubu mbili na kipande cha chuma, maana hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi: kabati refu lisilofungwa ni mti uliokatwa ukaachwa wima. Niliwaandikisha sentensi hiyo ubaoni kila mwaka.

Mvua za mwaka ule nguo zikaota ukungu. Mke wangu akaniomba nilivute kabati mbele. Nikafungua skrubu zote mbili, nikazitia katika mfuko wa koti. Nikalivuta. Maji yalikuwa yakikaa nyuma, basi nikachonga kabari mbili za mbao, nikaziweka chini ya miguu ya nyuma. Kazi safi. Nilisema nitalirudisha ukuta ukikauka. Fundi Kesho hakuwa wa kwanza.

Zilipita siku kumi na mbili. Kila asubuhi nilipovaa koti nilizisikia zile skrubu mfukoni.

Asubuhi ya kumi na tatu, nikienda shuleni, mashati yangu yalikuwa kambani. Nikamwambia shemeji, "Mvua ikianza, kwanza mashati. Usiache hata moja lilowe." Mvua ikaanza. Akatoka mbio kuyaanua. Yalikuwa sita. Mtu huchukua muda gani kuanua mashati sita? Binti yangu akataka gauni lake la droo ya juu. Droo zilikuwa zimevimba. Akavuta.

Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamtoa. Mke wangu alikuwa naye hospitali, akiwa na mwanangu mgongoni, mtoto wa miezi tisa. Shemeji alikuwa uani, amekaa kwenye matope, amekumbatia mashati. Niliingia chumbani peke yangu. Na jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kwenda kumwona mtoto wangu, nalo ndilo jambo ninalokufa nalo, niliokota kabari mbili nikazitia jikoni motoni. Kisha nikaliinua kabati, nikalisukuma mpaka ukutani.

Majirani walipokuja waliliona limesimama kama lilivyosimama siku zote. Mzee mmoja akauliza, "Sasa limeangukaje?"

Nikasema, "Mtoto akiachwa peke yake, lolote huweza kutokea."

Sikumtaja mtu, wala sikusema uongo. Sentensi ile ilikuwa imechongwa vizuri kama kabari zangu, na shemeji amekaa juu yake miaka arobaini na moja.

Skrubu ninazo bado. Ziko ndani ya kopo la peremende za kifua, chini ya mto.


Machi 24

Nilidhani kuandika kungenipunguzia. Hakukunipunguzia kitu. Nimejisoma nimeona nilivyomrukia mkwe wangu kwa vipande viwili vya vigae. Mimi! Nyani haoni kundule.


Machi 28, Jumapili

Shemeji amekuja, akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni. Nilimwita. Alikuja akasimama. "Unaendeleaje, Mwalimu?"

"Naendelea."

"Nikuletee maji?"

Nikasema ndiyo. Nikayanywa. Hayo tu ndiyo yaliyotoka kwangu, kuyanywa maji yake.


Machi 30

Kitanda changu kimeegemea ukuta uleule wa kabati. Nimeanza kuugonga kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri. Plasta iliyoachia hulia kama ngoma mbovu. Tofali zima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Penye tofali zima naweka alama ya penseli.


Aprili 1

Nimegonga asubuhi yote. Nimemsikia mkwe wangu kwenye simu, "Mzee sasa anagonga ukuta. Ndiyo, anagonga tu. Sijui anamwita nani."


Aprili 3

Alama kumi na moja. Mbili zinafaa kabisa, usawa wa mabega ya kabati.


Aprili 8

Leo nusura.

Mwanangu alikuwa kazini; mkwe wangu alikuwa nyumbani, maana shule anakofundisha imefungwa kwa sababu ya maji barabarani. Kiroboto alilala baada ya chakula. Mkwe akaninong'oneza, "Baba, nakimbia dukani hapo, dakika tano." Simlaumu. Hakuna mtoto duniani ambaye hajaachwa dakika tano. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfanya mtu mmoja aonekane kana kwamba ni yeye peke yake aliyewahi kufanya hivyo.

Nikaona ndiyo nafasi. Nilikuwa nimeshaiba kifuko jikoni. Nikachukua bisibisi yangu, nikatambaa, ndiyo, nilitambaa, mpaka chumba cha pili. Nilitaka angalau niondoe vigae. Nikapiga magoti ubavuni mwa kabati, nikaingiza mkono nyuma, nikashika kigae kimoja. Hakikutoka. Nikavuta. Pumzi ikaniishia.

"Babu unatafuta nini?"

Kiroboto alikuwa amesimama kitandani. Kabla sijajibu alisharuka chini. Alidhani ni mchezo. "Nitakusaidia!" Akaifungua droo ya chini, akaifungua ya pili, ya tatu akaivuta kwa mikono miwili ikatoka kwa kishindo, kisha akaweka mguu katika ya chini na kupanda.

Niliuona mgongo wa kabati ukiondoka mbele ya uso wangu. Pole pole kabisa, kama mtu anayeinuka kitini. Nikalishika kwa mkono mmoja. Mkono wangu huu haushiki hata kijiko.

"Shuka," nikasema. Sauti haikutoka.

Ndipo shemeji akaingia. Alikuwa amekuja na kigauni alichomshonea mtoto. Alibisha mlangoni hakujibiwa, akafungua. Sijui alifikaje. Nilichoona ni mgongo wake chini ya kabati, miguu imetanuka, shingo imevimba mishipa, akipiga kelele, "Shuka, mwanangu! Shuka! Toka hapo!" Kiroboto akaanguka pembeni. Droo ya tatu ikachomoka, ikampiga shemeji juu ya mguu, ukingo wake ukamgusa mtoto kwenye paji la uso. Akalia. Shemeji akalirudisha kabati kwa bega lake peke yake, na lilibebwa na watu watatu!

Na wakati huo, ndipo mama yake Kiroboto akatokea mlangoni na mkate mkononi. Akamwona mtoto analia ana nundu, nguo zimetapakaa, na shemeji ameegemea kabati anahema.

"Mama Mdogo!" akasema. Kisha akasema neno moja. "Tena?"

Shemeji akaniangalia mimi, niliyekuwa sakafuni.

Nilikuwa sina pumzi. Hayo ndiyo nitakayoambiwa na watu wanaonipenda: Mwalimu, hukuwa na pumzi. Lakini neno "hapana" halihitaji pumzi nyingi. Nilikuwa nalo. Lilikuwa ulimini, na sikulitoa.

Alikiweka kigauni kitandani, akachukua mwavuli, akaondoka akichechemea.


Aprili 9

Nimenyamaza mara ya pili.


Aprili 10

Nimemwambia mwanangu kesho amlete shemeji, hata kwa kumbeba. "Hataki kuja, Baba. Amesema hatakanyaga tena hapa." Nikamwambia basi nitakwenda mimi kwa kutambaa, nina mazoezi. Alitazama uso wangu, akaona si mzaha.


Aprili 11, Jumapili

Alikuja. Alikaa kwenye kiti chake cha mlangoni, mguu umefungwa kitambaa. Mwanangu na mkwe walikaa. Kiroboto walimpeleka kwa jirani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Niliyatupa. Nikaliweka kopo mezani, nikazimwaga skrubu mbili zenye kutu, nikasema yale yote niliyoandika tarehe ishirini na tatu, pamoja na koti, kabari na moto. Nikasema pia ya Alhamisi: kwamba aliyekuwa chumbani ni mimi, na yeye ndiye aliyemwokoa mtoto.

Mvua ilikuwa ikinyesha.

Mwanangu ndiye aliyeanza. "Mama alijua?"

"Hakujua."

"Alikufa hajui?"

"Alikufa akimwombea mdogo wake msamaha."

Akainuka, akatoka nje kwenye mvua bila viatu. Mkwe wangu alijifunika uso kwa khanga.

Shemeji alikuwa akizitazama skrubu. Alipozungumza, alizungumza polepole kama mtu anayehesabu mishono.

"Kabari zilikuwa za mbao gani?"

"Mbao zilezile za kabati."

"Na mashati. Niliyaanua?"

"Uliyaanua."

"Yote?"

"Yote sita. Hakuna lililolowa."

"Basi nilifanya kazi niliyotumwa. Nilichumbiwa mara mbili, Mwalimu. Unakumbuka? Mara zote mbili nilikataa. Watu wakasema naringa. Nilikuwa naogopa watoto. Naogopa kuzaa mtoto halafu nigeuke kuanika nguo."

"Nisamehe," nikasema.

Hapo ndipo alipokasirika. Sijawahi kuiona hasira yake. Nilidhani hana.

"Usiniharakishe! Umekaa nalo miaka arobaini na moja, mimi nimekaa nalo kitambo cha kikombe cha chai, unataka tayari nimelimaliza? Kwa nini, kwa kuwa unakufa? Kufa si kazi ngumu, kila mtu hufa! Mimi nimeishi!"

Akaziokota skrubu moja moja, akazirudisha ndani ya kopo, akalifunga kifuniko.

"Hili nachukua."

"Unalipeleka wapi?"

"Kutembea."


Aprili 13

Simu ya mwanangu haijanyamaza. Shemeji anakwenda nyumba kwa nyumba kwa jamaa wote. Akifika hasalimii sana, anaweka kopo mezani, analifungua, anaeleza, anaondoka. Shangazi wa mwanangu, dada yangu mwenyewe, amepiga kuniambia mimi ni nyoka. Nikamwambia ana haki. Akaudhika zaidi, maana alitaka kubishana.

Mwanangu haongei nami. Ananiletea dawa, anasimama mpaka nimeze, anaondoka.


Aprili 15

Mkwe wangu alikwenda kwa shemeji na machozi yake. Alirudi macho mekundu. "Amenipa nguo ya kutia vifungo," alisema. "Nimetia vifungo ishirini, hakusema kitu. Mwishoni akasema, 'Njoo tena.'"

Vigae vimeondolewa. Kabati limelazwa chini kifudifudi mpaka fundi aje. Mwanangu ndiye aliyelilaza.


Aprili 19

Siku ndefu, lakini nitaiandika.

Asubuhi nilisikia sauti ya Fundi Kesho barazani, "Mama, ukuta haujakauka, nakuambia kesho..." na sauti ya shemeji, "Leo ndiyo kesho. Ingia." Alikuwa amemshika mkono wa shati, mtu mzima yule, mvi zote zile.

Mama mwenye nyumba akateremka aliposikia drili. "Nimesema nyumba yangu haito..."

Shemeji hakujibu. Alimfungulia kopo. Akamweleza kwa maneno machache, pale pale kwenye korido, wala hakuipunguza sauti ingawa nilikuwa nikisikia. Halafu nikamsikia mama mwenye nyumba, sauti imebadilika:

"Toboa. Ukimaliza hapa, fundi, panda na juu. Wajukuu wangu wanakuja mwezi wa sita."

Fundi Kesho akaja kwangu. "Mwalimu, tofali liko wapi?"

Nikamwonyesha alama zangu. Akapima kutoka dirishani, upande wangu na upande wa pili, akatoboa kupita plasta yote mpaka vumbi likatoka jekundu na kavu. Uji umeisha, tofali limeanza. Skrubu mpya, ndefu, na ukanda wa chuma. Miguu ya nyuma na ya mbele sawa, droo zimepakwa nta ziteleze. Nguo nzito chini, nyepesi juu. Midoli imeondolewa juu ya kabati ili mtoto asiwe na cha kupandia. Yote niliyowahi kuyaandika ubaoni.

Nilibebwa juu ya kiti mpaka chumba cha pili nikaone. Shemeji alimwambia fundi akae kando. Akafungua droo zote tano. Akaishika ya juu kabisa kwa mikono miwili, akaning'inia. Mwanamke wa miaka sitini, mguu mmoja mbovu, amening'inia kwenye droo kama nguo kambani.

Kabati halikutikisika.

Aliendelea kuning'inia. Mwanangu akamfuata, akamshika kiunoni, akamwambia, "Inatosha, Mama Mdogo. Inatosha." Hapo ndipo alipolia.


Aprili 25, Jumapili

Hakukaa kiti cha mlangoni.


Aprili 30

Mvua imekuwa manyunyu. Mwanangu alikaa kitandani kwangu dakika chache. Aliniuliza dada yake alipenda nini. Nikamwambia alipenda gauni la njano, lililokuwa droo ya juu.


Mei 3

Jua. Ukuta umekauka, alama zangu za penseli zinaonekana vizuri kuliko mwandiko huu.

Wenyewe wote wamekwenda kazini na Kiroboto ameachwa na Bibi Mdogo kutwa nzima. Hakuna aliyetoa maelezo. Mkwe wangu alimkabidhi tu, na kikapu, akasema, "Asile sukari nyingi," akakimbilia gari.

Mchana shemeji aliniletea maji. Nikayanywa. Kisha nikamwuliza kama amenisamehe, maana mimi ni mtu wa haraka ninapotaka jambo langu.

"Bado," alisema. "Sijafika huko. Nikifika nitakuambia."

"Nitajitahidi niwepo."

"Jitahidi," akasema, akachukua bilauri.

Sasa nimelala nimeegemeza kiganja ukutani. Upande wa pili Kiroboto anachagua nguo. Droo ya kwanza imefunguliwa. Ya pili. Ya tatu. Shemeji anacheka kwa kitu fulani, kicheko ambacho sikumbuki kukisikia tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Ya nne. Ya tano.

Ukuta umetulia.